Athari katika Sanaa Ghafi: Mfano wa Adolf Wölfli

Dhana ya sanaa ghafi iliasisiwa na mchoraji Mfaransa Jean Dubuffet mwaka 1945. Kwa maoni yake, kazi za aina hii hutungwa na watu wasioguswa na utamaduni wa sanaa, wakiwamo wafungwa na wagonjwa wa akili. Mtazamo huo una tatizo. Mhakiki akishaamini kwamba msanii hakuguswa na chochote, haoni tena haja ya kuuliza alikuwa ameona nini kabla ya kushika kalamu.

Adolf Wölfli, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1864, alikulia katika ufukara akitumikishwa mashambani. Mwaka 1895, kufuatia makosa ya kujaribu kuwanajisi watoto, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Waldau, karibu na mji wa Bern, akakaa humo hadi kifo chake mwaka 1930. Daktari wake, Walter Morgenthaler, aliyechapisha kitabu juu yake mwaka 1921, alieleza kuwa kila Jumatatu mgonjwa huyo alipewa kalamu moja ya risasi na karatasi kubwa mbili. Kalamu iliisha baada ya siku mbili. Wahakiki wengi wameichukulia tabia yake ya kujaza kila pembe ya karatasi kuwa dalili ya maradhi. Huenda ni kweli. Hata hivyo, mtu anayegawiwa karatasi mbili kwa juma ana sababu nyingine ya kutoacha nafasi tupu.

Ushahidi wa athari umo ndani ya kazi zenyewe. Masimulizi yake, yenye kurasa zipatazo 25,000, yanamgeuza mtoto maskini kuwa msafiri wa dunia nzima, na kurasa nyingi zimebandikwa picha zilizokatwa katika majarida. Mojawapo, ya mwaka 1929, ina tangazo la supu ya Campbell, miaka 33 kabla ya Andy Warhol kuonesha makopo yake. Wölfli, basi, alikuwa msomaji wa picha za zama zake, ingawa aliziona akiwa nyuma ya kuta.

Muziki wake nao ni vivyo hivyo. Aliandika nota kwa mtindo alioubuni mwenyewe, akazipuliza kwa tarumbeta ya karatasi aliyoikunja kwa mikono yake. Lakini tungo hizo aliziita machi, polka na mazurka, ngoma zilizochezwa na watu wa kawaida nje ya hospitali.