Kuruta Anayechechemea si Lazima Awe Mvivu

Kila aliyepitia chuo cha mafunzo anamkumbuka kuruta aliyeanza kuchechemea katika juma la tatu au la nne, ilhali hakuanguka wala hakupigwa. Mara nyingi kijana huyo aliitwa mtegaji wa kazi.

Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliandika habari za askari waliovimba miguu kwa maumivu baada ya safari ndefu. Sababu ilikuwa fumbo hadi mwaka 1897, eksrei zilipoonyesha nyufa katika mifupa ya nyayo za askari wenye maumivu hayo.

Mfupa hupasukaje bila pigo? Jibu ni kwamba mfupa ni kitu hai. Mwaka 1892 mpasuaji Mjerumani Julius Wolff alieleza kuwa mfupa hujijenga kwa kuufuata mzigo unaotwikwa. Mcheza tenisi ana mfupa mnene zaidi katika mkono unaoshika raketi. Mwanaanga, ambaye miguu yake haibebi uzito wowote, hupoteza kadiri ya asilimia 1 ya madini ya nyonga kila mwezi.

Lakini ujenzi huo huanza kwa kubomoa. Kila hatua ya kwata huacha nyufa ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Nyuzi za protini huupa mfupa unyumbufu, madini huupa ugumu, nayo matabaka yaliyopangwa kama pete huuzuia ufa usiendelee mbali. Kisha huja seli za kubomoa, zichimbe sehemu iliyochakaa kwa muda wa majuma matatu hivi. Seli za kujenga hufuata nyuma, nazo huhitaji miezi mitatu hivi kujaza shimo hilo. Ni sawa na fundi aliyetoa matofali mabovu ukutani kabla mapya hayajafika: ukuta umo katika kutengenezwa, lakini kwa wakati huo ni dhaifu kuliko jana. Kuruta akiongezewa mbio na mizigo katika kipindi hicho, ufa hushinda.

Si jambo la wachache. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985 juu ya makuruta 295 wa Israeli ulionyesha kuwa asilimia 31 walipata nyufa za namna hii katika mafunzo ya majuma 14.

Mkufunzi, basi, na aongeze mwendo kidogo kidogo. Maumivu yaliyo mahali pamoja, yazidiyo mbioni na kupungua mtu apumzikapo, yapelekwe kwa mganga. Ajue pia kwamba eksrei ya majuma ya kwanza huweza kutoonyesha lolote. Picha safi haimthibitishi kijana kuwa mwongo. Nyufa nyingi za muundi na wayo hupona kwa mapumziko ya majuma sita hadi manane. Kinachotisha ni maumivu ya kinena, kwani shingo ya mfupa wa paja huweza kukatika kabisa, na hapo hakuna budi ila kupasuliwa.