Je, Wajua? Mambo ya Ajabu ya Jicho Linalopona

Siku bandeji inapotolewa, mgonjwa aliyepasuliwa jicho hutarajia mambo mawili: aone vizuri, na jicho lake liwe kama zamani. Mara nyingi siku hiyo hapati hata moja. Anaona ukungu, rangi si zile anazozijua, na kwenye kioo anakutana na jicho jekundu kama pilipili iliyoiva. Jirani aliyekuja kumpa pole anashika mdomo: "Mbona wamekuharibu?" Kauli moja kama hiyo yatosha kumfanya mzee aache dawa, au akatae kutibiwa jicho la pili.

Ukweli ni kwamba mengi yanayotisha katika wiki za mwanzo ni kazi ya kupona. Machache ndiyo ya hatari. Mgonjwa na wanaomuuguza wakijua lipi ni lipi, safari huwa nyepesi.

1. Doa jekundu jichoni hutisha kuliko lilivyo

Weupe wa jicho umefunikwa na utando laini usio na rangi, wenye mishipa myembamba kama uzi wa buibui. Sindano ya ganzi au kifaa cha kuzuia kope zisifumbe kikigusa mshipa mmoja tu, damu kidogo huvuja na kusambaa chini ya utando kama wino juu ya karatasi. Mkononi damu ikivilia hugeuka nyeusi chini ya ngozi. Jichoni hubaki nyekundu kwa sababu oksijeni ya hewani hupenya utando ule na kuifikia. Doa hilo haliumi wala halipunguzi uwezo wa kuona, na kwa kawaida hufifia lenyewe kwa wiki 1 hadi 3, likipitia rangi ya manjano.

2. Damu iliyovilia kwenye ukope hushuka shavuni

Baada ya upasuaji wa kope, weusi ulio juu ya jicho leo waweza kuonekana shavuni keshokutwa. Hakuna aliyempiga mgonjwa, wala ugonjwa haujaenea. Damu iliyovilia chini ya ngozi huvutwa na uzito wake kuelekea chini, ndiyo maana wengi hushauriwa kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito.

3. Rangi ya kahawia kuzunguka jicho ni alama ya ulinzi

Kabla ya kupasua, daktari huosha kope na ngozi kwa povidoni-iodini, na dawa hiyo hiyo, ikiwa imepunguzwa hadi nguvu ya asilimia 5, hudondoshwa ndani ya jicho. Ni miongoni mwa kinga bora zaidi dhidi ya vijidudu kuingia jichoni wakati wa upasuaji. Madoa yanayobaki kwenye ngozi huondoka kwa kufutwa taratibu. Yasisuguliwe.

4. Mboni moja yaweza kuwa kubwa kuliko nyingine

Ili daktari aifikie lenzi, hudondosha dawa ya kutanua mboni. Mboni yaweza kubaki imetanuka kwa saa kadhaa, pengine siku moja au mbili. Ikiwa dawa yenyewe ni atropini, hali hiyo yaweza kudumu wiki nzima au zaidi. Ndiyo sababu jua la saa sita humchoma mgonjwa, na kofia pana au miwani ya jua humfaa. Ganzi nayo yaweza kuulegeza ukope ukaanguka, na kumfanya mtu aone vitu viwili viwili mpaka iishe.

5. Mboni nyeupe hurudi kuwa nyeusi

Mtoto wa jicho akikomaa, mboni huonekana nyeupe kama maziwa. Waarabu huuita ugonjwa huu "maji meupe". Jina lake katika Kilatini lina maana ya maporomoko ya maji, kwa kuwa watu wa kale walidhani kuna majimaji yanayoteremka ndani ya jicho. Hayapo. Ni lenzi yenyewe iliyopoteza uangavu, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukipikwa. Ikitolewa, mboni huwa nyeusi tena, na mara nyingi hilo ndilo badiliko la kwanza ambalo watoto na wajukuu huliona.

6. Mchoraji mashuhuri alidhani rangi zimeharibika

Claude Monet wa Ufaransa aliambiwa ana mtoto wa jicho mwaka 1912. Aliogopa kupasuliwa kwa miaka zaidi ya 10. Rafiki yake Georges Clemenceau, daktari kwa taaluma aliyepata kuwa waziri mkuu, alimsihi sana, na mwaka 1923, akiwa na miaka 82, alikubali jicho la kulia litibiwe na daktari Charles Coutela. Enzi hizo mgonjwa alilazwa chali siku kadhaa bila kutikisika.

Alipoanza kuona, alikasirika. Mara kila kitu kilikuwa cha manjano, mara kila kitu kilikuwa cha buluu. Leo sababu ya buluu hiyo inajulikana vizuri. Lenzi ya jicho huzidi kuwa ya manjano kadiri mtu anavyozeeka, na huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa buluu. Hubadilika polepole mno hata ubongo unazoea bila mwenyewe kujua. Lenzi ile ikitolewa, buluu iliyozuiwa kwa miaka huingia yote kwa siku moja, na ubongo huhitaji muda kuzoea upya.

Monet alipewa miwani yenye rangi, akarudi kazini. Picha zake kubwa za mayungiyungi zilifunguliwa kwa umma jijini Paris mwaka 1927, miezi michache baada ya kifo chake. Jicho la kushoto hakukubali kamwe liguswe.

7. Unaweza kujipima mwenyewe

Aliyetolewa mtoto wa jicho katika jicho moja na aangalie shuka jeupe, afumbe jicho hili kisha lile. Jicho jipya huona weupe wenye kuelekea buluu kidogo. Lile la zamani huona shuka kama limefuliwa kwa maji ya udongo. Wengi hustaajabu kwamba kwa miaka walidhani huo ndio weupe. Wapo pia wanaoshtuka kuona vumbi kwenye kabati, au mikunjo katika uso wao wenyewe. Uso haukuzeeka usiku ule wa hospitali. Ni jicho lililorudi kusema kweli, na mgonjwa anahitaji maneno ya upole kutoka kwa walio karibu naye.

8. Lenzi ya bandia ilizaliwa na vita

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari Harold Ridley wa Uingereza aliona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa humo bila jicho kuvikataa. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, aliweka lenzi ya kwanza ya plastiki ndani ya jicho la mwanamke wa miaka 45. Madaktari wengi walimpinga kwa miaka mingi. Uzeeni, Ridley mwenyewe aliwekewa lenzi za aina hiyo machoni.

Kabla ya hapo, aliyetolewa mtoto wa jicho alivaa miwani minene iliyokuza vitu kwa karibu robo na kufanya macho yake yaonekane makubwa mno. Leo alama pekee ya nje huenda ikawa mng'aro mdogo ndani ya mboni, taa inapompiga usoni kwa pembe fulani. Huo ni mwanga unaoakisiwa na lenzi mpya.

9. Hisia ya mchanga jichoni ina sababu yake

Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, haina mshipa wa damu hata mmoja. Hupata oksijeni kutoka hewani. Lakini imejaa neva kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, kwa hiyo hata jeraha dogo huhisiwa kama punje ya mchanga. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, mtoto wa jicho hutolewa kupitia tundu la milimita 6 hadi 7 lililokatwa kwa ustadi hata linajifunga lenyewe bila nyuzi. Kwa mashine ya mawimbi ya sauti iliyobuniwa na Mmarekani Charles Kelman katika miaka ya 1960, tundu ni la milimita 2 hadi 3 tu. Jicho likikereketa, lisisuguliwe: kidole chaweza kulifungua tundu ambalo bado halijashika.

10. Kumimina chai kwa jicho moja ni kazi

Macho yetu yametengana kwa sentimita 6 hivi, na kila moja huona picha tofauti kidogo. Ubongo hulinganisha picha hizo na kujua kitu kiko umbali gani. Jicho moja likifungwa, chai humwagika kwenye sahani na ngazi huonekana kama sakafu tambarare. Gusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe kabla ya kumimina. Papasa ngazi kwa mguu. Anayekusindikiza atembee upande wa jicho lililofungwa, kwa sababu upande huo huoni bodaboda ikija.

11. Kiputo cha gesi jichoni hukataza kupanda mlima

Retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho, ikibanduka, daktari anaweza kujaza gesi ndani ya jicho ili iikandamize hadi ishike mahali pake. Wengine huagizwa kulala kifudifudi kwa siku kadhaa. Kiputo huelea juu ndani ya jicho, lakini kwa kuwa retina hupokea picha kichwa chini, mgonjwa hukiona kikiwa chini, kikicheza kama maji kwenye glasi. Kila siku mstari wake hushuka mpaka kiishe: baada ya wiki 2 hivi kwa gesi ya aina moja, au karibu miezi 2 kwa nyingine.

Muda wote huo ndege ni marufuku. Pale juu kanieneo ya hewa hupungua, kiputo hutanuka, na jicho laweza kupofuka. Hata safari ya nchi kavu yenye mwinuko mkubwa ni hatari. Treni ya kutoka Mombasa hadi Nairobi hupanda zaidi ya mita 1,500. Mwenye gesi jichoni amwulize daktari kabla ya kukata tiketi.

12. Ukope hupinduliwa kwa makusudi

Katika maeneo ya wafugaji ya Kenya na Tanzania, ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, bado huwatesa watu. Kovu huukunja ukope kwa ndani, na nywele zake huikwaruza konea kila mtu anapopepesa. Daktari huugeuza ukope uelekee nje, na mara nyingi huuzidisha kidogo, kwa kuwa hujirudi wakati wa kupona. Kwa hiyo mama akirudi nyumbani ukope umevimba na umegeuka kidogo, kazi haijaharibika. Asubiri, na arudi siku aliyopangiwa kutolewa nyuzi.

13. Jicho la bandia si gololi

Mtu aliyelazimika kuondolewa jicho hapachikwi mpira wa kioo. Huvalishwa gamba jembamba lililopakwa rangi kufanana na jicho lake jingine, na gamba hilo laweza kusogea kidogo linapofuata misuli. Kwanza tundu la jicho hupewa wiki kadhaa za kupona. Katika kipindi hicho mtu hujificha, na ndicho kipindi anachohitaji zaidi kualikwa, kuketishwa barazani na kutazamwa usoni kama zamani.

14. Ibada na jiko vina nafasi yake

Siku za mwanzo wengi hushauriwa wasiiname sana, wasibebe ndoo wala kuni, wakae mbali na moshi wa mafiga, na maji ya bomba yasiingie jichoni. Kwa Mwislamu, sheria humruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi, na kutayamamu pale maji yanapomdhuru. Jikoni pana watu wengine, waachiwe wapike.

15. Mtoto wa jicho harudi

Miezi au miaka baadaye wengine huona ukungu tena. Si mtoto wa jicho aliyeota upya. Mfuko mwembamba unaoshikilia lenzi mpya ndio umeingia utando, na leza huufungua kwa dakika chache, bila kisu.

Sasa, lipi ni la hatari?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 94 hawaoni vizuri au hawaoni kabisa kwa sababu ya mtoto wa jicho. Wengi wao wangeweza kuona tena. Inauma mtu afikishwe hospitali, apasuliwe salama, kisha apoteze jicho nyumbani kwa hofu au kwa ushauri wa jirani.

Basi shikeni haya. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaoongezeka, usaha, na kuona kunakofifia baada ya kuwa kumeanza kuwa kuzuri: hayo hayangoji kesho. Vivyo hivyo vimulimuli vya ghafla, kundi la vidoa vinavyoelea, au kivuli kinachofunika upande mmoja. Msitie asali, maziwa ya mama wala maji ya majani. Dawa ya matone iendelee mpaka siku aliyotaja daktari, hata jicho likionekana limepona.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ukiona pazia limeshuka mbele ya jicho lako, nenda hospitali siku hiyo hiyo.