Mlima, Deni na Kaneno "It"

Chukua sentensi mbili za Kiingereza: "He ran up the hill" na "He ran up the bill". Zinatofautiana kwa herufi moja tu, na kwa macho ni mapacha. Bwana wa kwanza alipanda mlima mbio. Wa pili alikula na kunywa kwa mkopo mpaka deni likarundikana.

Sasa toa mlima, toa deni, weka kiwakilishi "it". Mapacha wanaachana papo hapo. Wa mlimani husemwa "He ran up it", wa deni "He ran it up". Ukizigeuza, mwenye lugha yake atakunja uso hata kama hajawahi kusoma sarufi maishani mwake. Wanaisimu wanalipenda jaribio hili kwa sababu kiwakilishi kinafichua kile ambacho nomino ilikuwa imekisitiri. Kwenye mlima, "up" ni kihusishi cha kweli: kimeshikana na "the hill" kuunda kirai, na kirai hicho chote kinafuata kitenzi. Kwenye deni, "up" ni mali ya kitenzi. "Ran up" ni neno moja lenye vipande viwili, na "it" hujipenyeza katikati.

Asiye na subira na majaribio atumie sikio. Katika "look at it" mkazo unapiga "look", kisha "at it" inapita kwa haraka kama mtu anayemeza mate. Katika "pick it up" mkazo unatua kwenye "up". Kihusishi kinachofuatwa na kiwakilishi kwa kawaida hunywea. Kipande cha kitenzi hutamkwa kwa nguvu zake zote.

Lakini kwa nini "pick up the phone" na "pick the phone up" zote ni sawa, ilhali "pick up it" haipiti? Jibu moja ni uzito. Mwaka 1909 mwanaisimu Mjerumani Otto Behaghel alieleza kanuni aliyoiita ya viungo vinavyokua: kati ya vipande viwili vya sentensi, kifupi hupenda kutangulia, kirefu hufuata. Kiwakilishi ni chepesi kuliko vyote. Tena kinataja jambo ambalo msikilizaji analijua tayari, na mwisho wa sentensi ya Kiingereza ndipo unapotuliwa mzigo wa habari mpya. Kwa hiyo "it" hukimbilia ubavuni mwa kitenzi.

Kiswahili kimelipeleka wazo hilo mbali zaidi. Kiwakilishi chetu hakikai ubavuni, kinaingia tumboni. "Wait for me" ni "ningoje". "Listen to him" ni "msikilize". "Cook for us" ni "tupikie", na hapo tazama vizuri: "us" imekuwa "tu-" mbele ya mzizi, na kazi ya "for" inafanywa na "-i-" iliyopachikwa nyuma yake. Hiyo ndiyo kauli ya kutendea, iliyotupa pikia, letea, somea na kimbilia. Ni ya kale kuliko Kiswahili chenyewe, maana ndugu zake wametapakaa katika lugha za Kibantu. Mwanafunzi anayeandika "wait me" au "explain me" na kurudishiwa daftari lenye wino mwekundu hajafanya uvivu. Amepiga hesabu sahihi ya lugha nyingine.

Kiingereza nacho hakimwonei huruma. Ni "tell me" bila kihusishi, lakini "say to me". Ni "answer me", lakini "reply to me". Ni "talk about it", lakini ukisema "discuss about it" umekosea. Sehemu ya fujo hii ina historia. Katika Kiingereza cha kale umbo la neno lilitosha kuonyesha anayepewa au anayeambiwa. "Him" ya leo ilikuwa umbo la mtendewa wa aina hiyo. Maumbo hayo yalipolika kwa karne nyingi, vihusishi na mpangilio wa maneno vikabeba kazi. Vitenzi vya asili kama "tell" na "give" vikabaki na desturi ya kumweka mtu moja kwa moja baada yao, ilhali wageni wengi wa Kilatini na Kifaransa, kama "explain", wakadai "to". "Say" ni mwenyeji na bado ni mkaidi. Kila kijiji kina wake. Sisi tunasema "niambie" bila kukumbuka kwamba ndani yake mna "-amba", kitenzi cha kale cha kusema, kilekile kilichobaki katika "ambaye".

Kuingia tumboni nako kuna gharama. "He gave it to me" ina viwakilishi viwili vya mtendwa, na kitenzi cha Kiswahili kina kiti kimoja tu. Tunasema "alinipa", na hicho kitu kinabaki nje au kinaachwa kieleweke. Kinyarwanda na Kihaya, jirani zetu wa ukoo uleule, huweza kuvipanga viwakilishi kadhaa ndani ya kitenzi kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo Kiingereza huruhusu na sisi hatuthubutu. "Who are you looking at?" Kiwakilishi kimehamia mbele, "at" kimeachwa mkiani, na kwa kuwa hakina tena wa kumwegemea, hutamkwa wazi badala ya kunywea. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, aliyekuwa marehemu siku nyingi, kwa kumaliza sentensi hivyo. Kisha akarudi kwenye insha yake mwenyewe ya mwaka 1668 na, katika chapa ya 1684, akavifagia vihusishi vya mkiani. Waingereza wengine waliendelea kuzungumza kama kawaida.

Sisi Dryden asingetupata na kosa. Jaribu kusema "mtu niliyekwenda na", ukome hapo. Aliye mbele yako atangoja, ameinua nyusi, mpaka umalizie: naye.