Kitanda Kilichofutwa Kazi

Haya, wapwa zangu, sogeeni. Leo msimulizi si mimi. Ni kitanda. Kitanda cha Helsinki, mji mkuu wa Ufini, nchi ambayo baridi yake inaweza kuua mtu aliyelala nje.

"Nilikuwa bwenini kwa Jeshi la Wokovu, mtaa wa Alppikatu," kinasema kitanda. "Tulikuwa vitanda 250. Aliyelala juu yangu alikuwa na kitanda, lakini nyumba hakuwa nayo."

Kwani hakupewa nyumba?

"Aliambiwa: kwanza acha pombe. Kwanza tengemaa. Kwanza hiki, kwanza kile. Miaka ikapita, bado yuko juu yangu. Mwaka 2008 nchi ikageuza mambo. Ikasema: nyumba kwanza."

Mlevi apewe nyumba kabla hajaacha pombe? Hapo hata mimi mjomba wenu nilikuna kichwa. Kitanda kikacheka.

"Umewahi kuona mama akingoja wali uive ndipo aweke mafiga? Mafiga kwanza, chungu baadaye. Nyumba ndiyo mafiga."

Na si ya bure, wanangu. Mpangaji anatia saini mkataba, analipa kodi, na asiyejiweza anaongezewa posho ya nyumba na serikali. Akitaka kuacha pombe, wahudumu wa kumsaidia wapo.

"Mwaka 2012 sisi vitanda tukafutwa kazi. Bweni likawa nyumba 81, kila moja na ufunguo wake."

Ngoja, mjomba! Vitanda 250, nyumba 81. Wale 169 walikwenda wapi?

Ewaa! Huyo ndiye mpwa wangu. Wakubwa wengi husikia hadithi hii wakapiga makofi bila kutoa hesabu hiyo.

Walitafutiwa kwingine, na kwingine kulikuwepo kwa sababu mji ulikuwa unajenga. Sehemu kubwa ya ardhi ya Helsinki ni mali ya mji wenyewe. Kwa hiyo mji ndio unaopanga masharti. Mtaa mpya ukijengwa, lengo ni sehemu ya nyumba ziwe za kodi nafuu, sehemu za bei ya kati, zinazobaki ziende sokoni. Tena iko taasisi iitwayo Y-Säätiö. Tangu 1985 inanunua vyumba vidogo kwenye majengo ya kawaida, kimoja hapa, kimoja kule, inawapangisha waliokosa makao. Jirani yako anaweza kuwa mwalimu, anaweza kuwa yule wa bwenini. Utamjuaje?

Mwaka 1985 Helsinki ilikuwa na vitanda vya mabweni zaidi ya 2,000. Mwaka 2016 vilibaki 52.

Basi wasio na makao wamekwisha?

Hapana, mwanangu. Nchi nzima walikuwa kama 18,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2023 walishuka chini ya 3,500. Mwaka 2024 serikali ikapunguza posho ya nyumba, na mwaka huohuo hesabu ikapanda tena, ikapita 3,800. Nyumba hujengwa mara moja, lakini kodi inadaiwa kila mwezi.