Kombi ya Kulala Safarini Huanzia kwa Fundi wa Mashua

Kombi ya Volkswagen haina rejeta. Kwa dereva wa miaka ya 1970 aliyekuwa akipandisha kutoka Homa Bay kwenda Rongo jua likiwa utosini, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko injini iliyofichwa nyuma au ule uso wa mviringo uliowachekesha watoto. Magari mengine yalichemka, boneti zikafunguliwa, mtu akatumwa mtoni na mtungi. Kombi ilipita, taratibu na kwa kelele, ikipozwa na upepo wa feni yake tu. Kwa misheni au hospitali iliyokuwa mbali na gereji, hiyo ilikuwa sababu tosha ya kuinunua.

Ukiikuta leo kati ya Migori na Homa Bay, aghalabu imekaa chini ya mwembe, magurudumu yamezama ardhini na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Mzee mwenye nayo haiuzi wala haitengenezi. Halafu anatokea mjukuu mwenye mshahara na simu iliyojaa picha za kombi za Ulaya zenye vitanda na mapazia, mazungumzo yanaanza: tuifufue, tuitie kitanda, jiko na taa, tuzunguke nayo ziwa. Wazo ni zuri. Mambo huharibika pale babu na mjukuu wanapokubaliana kwamba gari lipelekwe Nairobi, na kwamba kazi ianze kwa rangi. Yote mawili nayapinga.

Kwanza tujue gari lenyewe. Mholanzi mmoja, Ben Pon, alilichora kwa kalamu kwenye daftari lake mwaka wa 1947, na Volkswagen ikaanza kuliunda Machi 1950. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilikuwa tayari inauza samani za kupachikwa ndani yake. Umbo la pili, lenye kioo kimoja kikubwa cha mbele, lilitoka mwaka wa 1967, mwaka uleule ambao Toyota ilizindua HiAce, gari lililokuja kuifukuza kombi katika barabara zetu. Hapa Kenya kiwanda cha Thika, kilichoitwa Leyland Kenya kabla ya kuwa Kenya Vehicle Manufacturers, kiliunganisha kombi pamoja na Land Rover. Kampuni za kupeleka watalii mbugani zilizikata kombi hizo mapaa na kuweka paa la kuinuka, mgeni asimame amwone simba. HiAce zinazopeleka watalii Maasai Mara leo zinafanyiwa vivyo hivyo. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kukata paa la gari na kulijenga upya ni ufundi wa Wazungu, mwonyeshe msafara wa magari kwenye lango la mbuga.

Swali la kupata gari lina jibu jembamba. Kenya hairuhusu magari ya mtumba ya kawaida yaliyozidi umri wa miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo kombi ya kufufua ni ile iliyobaki humu humu. Utaitambua kwa namba yake: herufi tatu, tarakimu, basi, bila ile herufi ya mwisho tuliyoizoea. Kabla ya kutazama kutu, omba kitabu cha gari. Kama jina lililoandikwa ni la marehemu, familia imalize kwanza mambo ya urithi. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kwenye bodi ya gari ambalo kisheria lilikuwa bado la babu aliyezikwa zamani, na mjomba mmoja alisubiri hadi rangi ikauke ndipo akadai fungu lake. Tena ukibadilisha injini, rangi au umbo la bodi, mamlaka ya usafiri, NTSA, lazima ijulishwe na kitabu kirekebishwe, la sivyo polisi wa kwanza barabarani atakuwa na mazungumzo marefu nawe.

Sasa kutu. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na hiyo ni bahati. Kombi iliyokaa Mombasa huliwa na hewa yenyewe, lakini iliyokaa Mbita inaweza kuwa na paa na milango mizima kabisa. Adui wa huku ni udongo mweusi. Ule wa Nyatike, Ndhiwa na bonde la Lambwe hunata ndani ya mabawa ya magurudumu wakati wa masika, hukauka kwa nje, lakini kwa ndani hubaki na unyevu wiki nzima. Bati linaoza kutoka upande usiouona. Chukua bisibisi, lala chini ya gari, ugonge kingo zote mbili chini ya milango, kisha mahali pa miguu ya dereva, kisha kitako cha betri kule nyuma kwenye injini. Bati zima lina mlio. Lililooza linanyamaza, na bisibisi inaingia.

Fundi mvivu atajaza fila hapo. Kazi itapendeza mpaka mvua ya pili. Fundi wa kweli hukata uozo wote hadi afike kwenye bati linalong'aa, hata kama tundu litageuka dirisha, halafu hukunja kiraka cha bati la geji 18 au 20 kwa nyundo na kipande cha reli. Ugumu uko kwenye kuchomelea. Mashine ya umeme ya vijiti, ile inayotengeneza mageti na madirisha kila kituo cha soko, ni kali mno kwa bati jembamba: unagusa, unatoboa. Gesi hufaa zaidi, au mashine ya waya kama ipo. Anashika kwa nukta moja upande huu, anahamia ng'ambo, anarudi katikati, akiliacha bati lipoe kila mara. Akiunganisha mshono mzima kwa pumzi moja, ubavu wa gari utajikunja na hakuna nyundo itakayounyoosha. Migori haina uhaba wa mikono ya namna hii. Mji unaoishi kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo, na kwa vinu vya kusagia mawe yake, hauwezi kukosa wachomeleaji. Kumtafuta wa Nairobi ni kulipa nauli ya lori la kuvuta gari ili ukampe kazi mtu ambaye huwezi kupita gerejini kwake jioni kutazama alichofunika.

Kuhusu injini sina maneno mengi, ila moja nitalisema kwa sauti. Kombi nyingi haziuawi na uzee, zinauawa na moto. Mipira ya kupitishia petroli ikizeeka hupasuka, petroli inadondokea injini ya moto, na gamba la injini hiyo limetengenezwa kwa mchanganyiko wa magnesi, madini ambayo yakishika moto ukiyamwagia maji unayachochea. Kabla ya pazia, kabla ya rangi, kabla hata ya betri mpya, badilisha kila mpira wa petroli kutoka tangini hadi kwenye kabureta na uweke klipu mpya kila mwisho. Kizima moto cha poda kikae karibu na kiti cha dereva, si chini ya godoro. Na belti ya feni ikikatika, zima papo hapo. Feni ndiyo rejeta.

Wapo wanaong'oa injini ya zamani na kupachika ya Subaru, kwa kuwa nayo imelala ubavu na vipuri vyake vimejaa Kirinyaga Road. Gari hupata nguvu, sikatai. Lakini hapo unalazimika kuweka rejeta mbele na mabomba ya maji urefu wote wa gari, ukatupa ile sifa iliyofanya kombi ipite wenzake kwenye mlima wa Rongo. Kama gamba la injini ya asili ni zima, mimi ningeibakisha na kuzoea kuachwa nyuma na Probox.

Ndani ya gari ndipo ninapotofautiana na watu wengi. Kazi ya mbao hupelekwa kwa seremala wa makochi, na seremala wa makochi amezoea nyumba, mahali ambapo ukuta umesimama wima na kona ni mraba. Kombi haina ukuta uliosimama wima. Kuta zake zinaingia ndani kadiri zinavyopanda, sakafu ina nundu mbili za magurudumu, na chombo chote kinatikisika. Kabati la seremala wa makochi litaingia, lakini kwa mapengo, na ukifika kwenye murram ya kwanza litapiga kelele mpaka usiwashe redio. Tena huwa zito. Kombi inabeba kama tani moja, watu na mizigo pamoja, kwa injini ya nguvu za farasi zisizofika hata robo ya zile za pikipiki kubwa za mashindano. Kila ubao mnene unaoweka ndani utaulipia mlimani.

Mtu wa kazi hiyo yuko ufukweni. Wajenzi wa mashua wa Mbita, Sori na Muhuru Bay hawajui mraba, kila ubao wao unapinda. Mjenzi wa mashua hapimi pembe, anachora mkunjo kwenye karatasi ngumu, anaukata, anaujaribu ubavuni mwa chombo, anapunguza kwa randa, anajaribu tena. Anajua kwamba misumari hulegea kwenye kitu kinachotikisika, na kwamba mbao hunywa maji mahali usipopaona. Mpe plaiwudi isiyoogopa maji, skrubu na gundi, umkataze MDF kabisa, kwa kuwa hewa ya ziwa huivimbisha kama mkate. Mwambie kitanda kikunjike kuwa kiti mchana, na kabati lisizidi urefu wa kiuno. Huenda atacheka kuombwa kutengeneza mashua yenye magurudumu. Muda si mrefu ataanza kukurekebisha.

Umeme wa kulalia hauhitaji makuu. Betri ya pili ya volti 12 na saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya risasi na asidi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu 600. Hizo zinatosha taa, simu na feni ndogo hadi asubuhi, na paneli ya wati 100 juu ya paa itazirudisha siku yenye jua. Friji ndiyo itakayokuumiza. Samaki wa jioni nunua jioni. Mtungi wa gesi wa kilo 6 uwe na kisanduku chake chenye tundu chini, kwenye sakafu, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hushuka na kulala palepale unapolala wewe. Na kila dirisha lipate wavu. Kandokando ya ziwa hili malaria si hadithi, na mtu anayewasha taa milango ikiwa wazi usiku atalala na wadudu wote wa Suba.

Rangi nimeiweka mwisho makusudi. Wengi huchagua buluu kwa nyeupe, kama kwenye picha. Inapendeza, na ukikaa mjini hakuna neno. Lakini kama nia yako ni kulala Ruma, fikiri tena. Hifadhi hiyo ya bonde la Lambwe, iliyotengwa mwaka wa 1966 na kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1983, ni mahali pekee nchini penye korongo, yule swala mkubwa mwenye uso wa mabaka meusi na meupe. Bonde hilo pia ni la mbung'o, na mbung'o hupenda buluu na nyeusi. Mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Nyeupe, rangi ya maziwa au kijani kilichofifia itakuepusha na kuendesha mtego.

Safari ya kwanza isiwe ya Ruma wala ya feri ya Mbita kwenda Luanda K'Otieno. Toka Migori uende Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zilizopangwa bila saruji ambazo UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka wa 2018. Barabara ya huko itakuambia kila skrubu iliyosahauliwa, na bado uko karibu na fundi wako. Ukivumilia hapo, nenda Sori, lala ufukweni, asubuhi ingiza mkono kwenye injini iliyopoa upime nafasi za vali: milimita 0.15, zote. Mbita na Rusinga, kwenye kaburi la Tom Mboya, zifuate baadaye.

Baada ya kilomita 500 mwaga oili. Ni lita mbili na nusu tu, na injini hii haina chujio la karatasi, ina wavu mdogo chini, unaoshikwa na nati sita. Utoe, uufute kwa kitambaa cheupe, ukitazame juani. Vumbi la kijivu ni vyuma vipya vinazoeana. Ukiona kipande unachoweza kukishika kwa kucha, usiwashe tena, mpigie mwenye lori, na mpatane bei kabla hajaona ni kombi.