Minazi ya Marehemu

Mwenye mji akifariki Kaloleni au Ganze, hanga, yaani matanga, huanza hata kaburi halijachimbwa. Wanawake hutandika mikeka uani, wazee hukaa chini ya mwembe, na kijana mmoja hupewa daftari aandike michango. Mgeni husikia kilio na ngoma, akadhani hanga ndilo hilo. Kwangu mimi, hanga lenyewe ni kile kikao cha wazee, na familia isiyokijali huja kukilipia mahakamani.

Waislamu wa Malindi na Mambrui hawakawii. Maiti huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa siku ileile ikiwezekana. Hata hivyo, jeneza likiwa bado liko mbele ya watu, ndugu wa marehemu husimama akatangaza kuwa anayemdai ajitokeze. Mirathi yao ina mpango wake: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, ndipo warithi wagawane. Pakiwa na mzozo, wanakwenda kwa kadhi.

Wagiriama wana hanga mara mbili, la kwanza bichi, la pili lililoiva, ambalo hungoja hadi jamaa wajipange kwa chakula na pombe ya mnazi. Kipindi hicho cha katikati ndicho cha kazi ya kuijua mali ya marehemu. Hapa pwani mnazi huweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliposimama ikawa ya mtu mwingine. Marehemu alipopata shida aliweka rehani minazi kadhaa, wala hakuandika popote. Walioshuhudia ni wazee waliokuwapo. David Parkin, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa na Wagiriama miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha 1972 jinsi mashahidi wa aina hiyo walivyokuwa nguzo ya umiliki. Basi wachukueni wazee mkazunguke nao shambani mnazi kwa mnazi. Mwiteni na mgema, maana anajua kila mti anaoupanda malipo yake humfikia nani. Tazameni makaburi na koma, nguzo za kuwakumbuka wafu, maana navyo husema ni akina nani walikaa hapo. Walioiba vigango, nguzo za kuchongwa za ukumbusho, wakaviuza Marekani waliondoa na ushahidi wa ukoo. Viwili vilirudishwa mwaka 2007.

Linaloniuma zaidi ni hili: katika kaunti hii ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba. Kifo kikitokea, mwenye mvi hunyoshewa kidole, naye ndiye anayejua mpaka ulipo. Hangani, neno la kwanza la kukatazwa ni hilo la "nani kamroga". Chifu aitwe mapema, kabla minong'ono haijawa panga.

Chifu mnamhitaji kwa mengine pia. Aliyefia nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu ili kibali cha mazishi kipatikane. Aliyefia hospitalini, hospitali ndiyo inayoandika. Cheti cha kifo kifuatilieni kabla miezi sita haijapita, la sivyo usajili huwa wa kuchelewa na wenye usumbufu. Bila cheti hicho, benki haitoi pesa za marehemu wala mahakama haifungui faili ya mirathi. Kwa mujibu wa Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, kuuza au kugawa mali ya marehemu kabla ya idhini ya mahakama ni kosa, hata aliyeuza awe kifungua mimba. Ombi la mirathi hutangazwa kwenye Gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 aseme, na kwa kawaida ugawaji huthibitishwa baada ya miezi sita.

Ombi hilo huambatana na barua ya chifu yenye majina ya warithi. Hapo ndipo wajane wadogo na mabinti walioolewa hudondoshwa, ingawa sheria hiyo haimtofautishi binti na mwana wa kiume. Barua isomwe jina kwa jina mbele ya kikao cha hanga, wao wakiwapo, kabla haijabebwa kwenda kortini Malindi.