Somo la Kumi na Nane: Shemwindo na Mwanawe, au Je, Mkosaji Aweza Kurudishwa?



Katika somo lililotangulia tulieleza maana ya majuto. Leo twataka kueleza jambo ambalo mashirika mengi ya Masisi na Walikale yametuuliza: mtu aliyetenda uovu mkubwa, kisha akarudi mlangoni kwa wale aliowatenda, je, apokewe? Na kama akipokewa, apokewe kwa njia gani?

Kwa kuwa jambo hili lina uchungu, hatutaanza na majina ya watu wa vijiji vyetu. Tutaanza na mtu wa hadithi, ambaye twaweza kumhukumu pasipo kumwaibisha jirani. Mtu huyo ni Shemwindo, mwami wa Tubondo, na pamoja naye mwanawe Mwindo. Wanyanga wa Walikale wawajua wote wawili, na wengi wa majirani zao wamezisikia habari hizi.

Wanyanga huisimulia hadithi hiyo katika masimulizi marefu yaitwayo karisi, ambayo huimbwa, hupigiwa vijiti, na huchezwa. Mwaka wa 1956 msimulizi mmoja wa Walikale, jina lake Rureke, aliyesimulia siku baada ya siku, aliandikiwa maneno yake na Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Ubelgiji, pamoja na wasaidizi wake. Biebuyck na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga, walichapisha kitabu chake huko Marekani mwaka wa 1969. Tena mwaka wa 1978 Biebuyck alichapisha masimulizi mengine ya Mwindo, ambayo yatofautiana na lile la kwanza. Sisi tutafuata lile la Rureke.

Sikilizeni kwa kifupi. Shemwindo alikuwa na wake saba. Akawatangazia amri kwamba wazae mabinti tu. Atakayezaliwa mume atauawa. Wazee wafasiri kwamba aliona faida ya mahari, kwa maana binti huleta mali nyumbani kwa baba yake. Wake sita wakazaa mabinti. Yule wa saba, aliyependwa kuliko wote, akamzaa Mwindo, ambaye alizaliwa akitembea na kusema, na usinga mkononi. Baba yake akamrushia mikuki, isimpate. Akamzika hai, naye akatoka kaburini. Akamtia katika ngoma, akaitupa mtoni. Lakini ngoma haikuzama, ikamfikisha kwa Iyangura, shangazi yake.

Mwindo akarudi kupigana. Wajomba zake, ambao ni wafua chuma, wakamvika nguvu ya chuma. Naye akamwomba Nkuba, mwenye radi, ashushe moto juu ya Tubondo. Kijiji chote kikafa. Shemwindo peke yake akatoroka, akashuka chini ya ardhi. Mwanawe akamfuata huko, kwa Muisa, kwa Ntumba, hata kwa Sheburungu, akapewa kazi ngumu na kujaribiwa sana, mpaka akampata. Akamrudisha nyumbani akiwa hai.

Baadaye Iyangura akamtaka Mwindo awafufue watu wa Tubondo, naye akawafufua. Ndipo mkutano mkubwa ukaitishwa. Mbele ya watu wote Shemwindo akasema mwenyewe mabaya yake: amri aliyoitoa, mikuki, kaburi, na ngoma. Iyangura akamkaripia wazi. Mwindo akamsamehe. Kisha Shemwindo akamkabidhi mwanawe utawala wa Tubondo.

Tulipoieleza hadithi hii kwa wakatekumeni wetu, ubishi ulizuka, na ubishi huo ulitufundisha mengi. Twawapa ninyi maneno yao, ili nanyi mshindane kwa adabu katika mashirika yenu.

Mzee mmoja alisema: «Shemwindo hakutubu. Alikimbia mpaka nchi ikamwishia chini ya miguu. Mwizi aliyekamatwa na mbuzi begani, akisema amekosa, amefanya kazi gani?»

Neno hili lina nguvu, wala tusilipuuze. Ni kweli kwamba Shemwindo hakurudi kwa hiari yake. Lakini tuangalie vema jambo alilolitenda baada ya kurudishwa. Mtu aliyekamatwa aweza kusema, «Nimekosa,» akanyamaza hapo. Aweza kusema, «Ni shetani,» au «Ni washauri wangu.» Shemwindo alitaja matendo yake moja moja, mbele ya watu waliopata hasara kwa ajili yake, wala hakumtwika mwingine mzigo huo. Tena alikiachilia kile kitu ambacho alitaka kuua kwa ajili yake, yaani ukuu wake. Kukamatwa hakufanyi toba, wala hakuizuii. Toba yajulikana kwa yale yafuatayo.

Kijana mmoja akajibu kwa upande mwingine: «Mwalimu, mbona twamhukumu baba peke yake? Watoto wachanga wa Tubondo walikosa nini? Mwindo ndiye aliyeuita moto.»

Darasa likatulia, kwa sababu kijana huyu alisema kweli. Mara nyingi tusikiapo habari za aliyeonewa, twampa ruhusa ya kutenda lolote. Twasema, «Alichokozwa.» Lakini hadithi yenyewe haimpi Mwindo ruhusa hiyo. Iyangura, ambaye alimpokea na kumlinda, ndiye aliyemtaka awarudishie watu uhai. Yaani aliyeshinda naye ana deni. Na wazee wa Wanyanga hawakuishia hapo. Wasimulia kwamba Mwindo, alipokwisha kuwa mwami, alitamani nyama ya nguruwe mwitu, akawatuma wawindaji. Wakamezwa na Kirimu, lile dubwana la vichwa saba. Mwindo akaliua, kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba kwa chale ya damu. Basi Nkuba akamchukua Mwindo mpaka juu mbinguni, akakaa huko mwaka mzima, akipigwa na mvua na baridi, akichomwa na jua, huku akionywa kwa kiburi chake. Aliporudi kwa watu wake aliwapa maagizo ya kukaa kwa amani: walime vyakula vingi, wasigombane, wasimtamani mke wa mwingine, wasimcheke mgonjwa, wamheshimu mwami, na mwami naye awaheshimu wao.

Angalieni, wapenzi: yule aliyesamehe baba yake alihitaji yeye mwenyewe kufundishwa baadaye. Kusamehe mara moja hakumfanyi mtu kuwa mwenye haki siku zote.

Mwisho akasimama mama mmoja, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Akasema: «Katika hadithi, wafu walifufuliwa kwanza, ndipo msamaha ukaja. Wa kwangu hajafufuka. Mimi nisamehe nini?»

Wapenzi, tungeweza kulijibu neno hili upesi kwa fungu la Maandiko, lakini tuliona kwamba jibu la upesi lingekuwa dhambi. Tulinyamaza, kisha tukaliweka somo mpaka juma lililofuata. Sisi wenyewe ni watu wa nchi hii. Mwaka wa 1993, damu ilipomwagika katika soko la Ntoto, huko Walikale, na vita vikaenea Masisi, sisi tulikuwa watoto wa shule ya misioni. Tangu miaka hiyo tumewazika wengi. Tena tumewaona vijana wakirudi kutoka porini, wengine wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu wakiwa wadogo, wengine wakiwa wamekwenda kwa hiari yao, na wengine hawawezi kusema walikuwa wa upande gani kati ya hizo mbili. Wote wana mama zao hapa. Na mama zao huteka maji kwenye chemchemi moja pamoja na mama za waliouawa.

Juma lililofuata tulimjibu yule mama hivi, na ndivyo tunavyowajibu ninyi leo.

Kwanza, yeye amesoma hadithi vizuri kuliko sisi. Usinga wa Mwindo haumo mikononi mwa mtu yeyote wa Masisi wala wa Walikale. Kwa hiyo katika maisha yetu deni moja hubaki daima bila kulipwa, na yule aliyeua yampasa kulijua hilo na kuishi nalo. Asije akamwambia mfiwa, «Nimekwisha kuomba radhi, kwa nini bado walia?»

Pili, kwa kuwa haiwezekani kurudisha yote, lile liwezekanalo lawa lazima zaidi. Shamba lililonyang'anywa larudishwa. Mahali pa kaburi paonyeshwa, ili mfu aliliwe kwa heshima. Jina lililochafuliwa lasafishwa mbele ya watu wale wale waliolisikia likichafuliwa. Ndiyo maana katika Sakramenti ya Kitubio Kanisa halitaki majuto na maungamo tu, bali lataka na malipizi. Zakayo, alipompokea Bwana nyumbani mwake, aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Furaha yake haikumpokonya deni lake.

Tatu, msamaha hauvunji kazi ya hakimu. Mama aweza kumsamehe mkosaji moyoni, na huku mkosaji akapelekwa barazani ahukumiwe. Mambo haya mawili hayapigani. Shemwindo alisamehewa katika mkutano, siyo gizani nyuma ya nyumba.

Nne, hakuna mtu anayeweza kumwamuru mwingine asamehe kwa siku fulani na saa fulani. Sisi tulio walimu twaweza kuonyesha njia na kusali pamoja na mtu. Hatuwezi kumsukuma mgongoni. Yule mama alituambia, «Sitamlipiza. Na mtoto wake akiwa na njaa nitampa muhogo. Lakini msiniombe nimshike mkono.» Tukamwambia kwamba huo ni mwanzo, na kwamba Mungu hadharau mwanzo.

Tena tulimkumbuka Iyangura. Huyu ni dada wa Shemwindo na shangazi wa Mwindo. Damu yake i katika pande zote mbili. Hakumficha kaka yake, wala hakumsifu mpwa wake kupita kiasi. Kila kijiji kina watu wa namna hiyo: shangazi aliyeolewa ng'ambo ya mto, mjomba mwenye rafiki kati ya Wahunde na Wanyanga, Watembo na Wanyarwanda. Hao ndio wanaoweza kuuitisha mkutano. Wakinyamaza kwa hofu, mkosaji hana mlango wa kurudia, na aliyeonewa hana mahali pa kusema.

Sasa kila shirika lijiulize maswali haya, kisha likariri majibu.

Ulizo: Je, Shemwindo alikuwa mtu mbaya au mtu mwema?
Jibu: Alitenda uovu mkubwa kwa akili zake. Kisha aliukiri wote na kuachilia alichokipenda kuliko mwanawe. La kwanza halifutwi kwa kusahau. La pili halikanwi kwa chuki.

Ulizo: Je, Mwindo hakuwa na kosa kwa kuwa alionewa?
Jibu: Sivyo. Kuonewa kwamfanya mtu astahili haki, hakumfanyi kuwa juu ya haki.

Ulizo: Twamjuaje mtu aliyetubu kweli?
Jibu: Hutaja tendo lake pasipo kumsingizia mwingine, hurudisha awezalo kurudisha, hukubali hukumu, wala hamharakishi aliyemkosea.

Ulizo: Na yule asiyeweza bado kusamehe, je, ametengwa?
Jibu: Hapana. Asilipize kisasi, asiwarithishe watoto wake chuki, na aombe nguvu. Akae kati yetu.

Ndugu wasikilizaji, yule mama alirudi darasani, naye hukaa bado karibu na mlango. Kijana aliyeuliza habari za watoto wa Tubondo humwachia nafasi kwenye benchi. Hatujui moyo wa kila mmoja. Twajua tu kwamba wote wawili wamo ndani.

Mungu awabariki.